Kamera ya Tata na Sura ya Mae

Nyumbani kwetu Izigo kuna albamu moja ya picha ambayo ndani yake ng'ombe wa jirani ametoka vizuri kuliko mama yangu. Sisemi kwa utani. Ng'ombe yule unamwona mpaka kope. Ukifunua ukurasa unaofuata yupo mama, Mae kama tunavyomwita Wahaya, amesimama mbele ya migomba na uso wake ni ukungu mtupu. Unamtambua kwa gauni. Migomba iliyo nyuma yake unaona hadi jani lililochanika, lakini Mae mwenyewe, loo, hana macho wala mdomo.

Na siyo picha moja, ni zote. Mae mwenye mimba yangu, ukungu. Mae na ungo wa kahawa, ukungu. Siku ya kipaimara changu tumesimama wawili mlangoni mwa kanisa, asubuhi ya mawingu. Mimi nimetoka na chunusi zangu zote kwenye paji la uso, jambo ambalo sikuomba, na yeye pembeni yangu ni kama mtu aliyepita mbio. Kuna wavuvi wa kisiwa cha Goziba, ambako baba alikwenda mara moja kwa boti, watu ambao hakuwajua hata majina. Wametoka safi kabisa, unahesabu meno.

Picha hizo zote alizipiga baba yangu, Tata, kwa kamera moja tu ya maisha yake. Ni kamera ndogo ya Kijerumani, inaenea kiganjani, lakini ukiishika unashtuka uzito wake. Ina ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, ile ya kukata. Aliachiwa na Mjerumani mmoja aliyekuja zamani kufanya kazi ya kilimo na kanisa letu la Kilutheri. Tata alikuwa bwana shamba wa kahawa, kijana bado, na wawili hao walizunguka pamoja vibanja vya Muleba, yaani mashamba ya migomba na mibuni, mmoja na kamera, mwingine na kamba ya kupandia mibuni. Mjerumani alipoondoka aliondoka na kikapu cha kahawa, kamera akaiacha.

Tata aliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ambayo watu hucheka nikiwasimulia. Kimkono cha kuvutia mkanda wa picha kiko upande wa kushoto. Na Tata ni mtu wa kushoto, aliyechapwa viboko shule nzima ili aandike kwa kulia. "Mwanangu," aliniambia zaidi ya mara moja, "huko Ujerumani kuna mtu alikaa akanifikiria mimi." Ukimwambia kwamba huenda fundi alikosa tu nafasi upande wa kulia, ananuna.

Sasa niseme jinsi inavyofanya kazi, maana bila hilo hamtanielewa. Lenzi yake hujificha ndani. Unaivuta nje kwa vidole, unaizungusha mpaka igote, ndipo inakubali kupiga. Halafu kamera yenyewe haijui umbali. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, kila kitu kinaonekana safi, hata kama umekosea kabisa. Ni wewe ukadirie huyu yupo mita ngapi, uzungushe pete mpaka kwenye namba hiyo. Ukisema tatu na mtu yuko tatu, atatoka. Ukikosea, hutajua mpaka mkanda ukasafishwe huko mjini, wiki zipite, picha zirudi, nawe uanze kujieleza kwa mkeo.

Tata alijieleza miaka yote. Mwanzoni alisema taa ya studio ilikuwa mbovu. Baadaye akasema mkanda ulipata joto. Mwishowe akaacha kusema, na Mae naye akaacha kuuliza, lakini wageni wakija na albamu ikatolewa, Mae alikuwa anainuka kwenda jikoni kutazama ndizi ambazo hazikuwa hata zimeinjikwa.

Mwaka juzi macho ya Tata yakaanza kumtupa. Alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe, anasalimia nguzo ya mlango. Nikamchukua nikampeleka hospitali Bukoba mjini, ambako ndiko ninakoishi na kushona sare za shule. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Dawa ya matone ingeshikilia kidogo kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi, na hata hicho kilichobaki kingeondoka. Alisema kwa upole, mtoto wa watu, lakini mimi nilitamani nimrukie. Nilitaka anipe dawa, hakunipa dawa, akanipa pole.

Tulitoka pale tukakaa kwenye benchi nje. Mimi nalia, naficha kwa mtandio. Tata hakulia. Akaniuliza kama ziwa linaonekana kutoka pale tulipo. Nikamwambia linaonekana, kule chini. Akasema yeye anaona kitu cheupe tu. Halafu akasema, "Kabla giza halijafunga, nataka niipate sura ya mama yako. Moja tu. Halafu hiyo kamera iende kwa mtu mwenye macho."

Basi kazi hiyo ikawa yangu. Na ninapopewa kazi na Tata mimi silali.

Nilizunguka Bukoba mjini nzima nikitafuta mkanda wa picha. Studio ambazo Tata alikuwa anapeleka mikanda yake zimekufa. Zilizobaki zinapiga picha za pasipoti kwa kompyuta, wanakufuta hadi mikunjo ya shingo. Kijana mmoja pale karibu na soko akaniuliza, "Mama, mkanda wa suruali?" Nikamwambia ndiyo, wa kukuchapia wewe. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakacheka, lakini mkanda sikupata.

Ndipo binti yangu akaipiga picha kamera yenyewe kwa simu, akairusha kwenye kundi moja la watu wanaopenda vitu vya zamani. Tukaandika kwamba ni nzima na kwamba mwenyewe yuko tayari kuiuza. Wapo walioleta mzaha, eti hiyo ni kamera au sabuni. Lakini jioni ile ile akanipigia mtu kutoka Mwanza. Alisema yeye ni mpiga picha za harusi, na kwamba nyumbani kwake ana kabati zima la kamera za zamani, ila ya aina hiyo amekuwa akiitafuta na hajaipata. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha kama mtu aliyeitikiwa posa. Nikamwambia sharti moja: aje na mkanda mpya, na kabla hajaigusa kamera kuichukua, mzee atapiga picha yake. Akasema hata miwili ataleta.

Alikuja Jumamosi. Nilimpokea mjini tukaenda naye Izigo kwa gari la shemeji yangu. Ilikuwa msimu wa kahawa, mikeka imetandazwa uwanjani, harufu imejaa kila mahali. Mae akamkaribisha kama tunavyokaribisha wageni, kwa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, na mgeni, mtu wa Mwanza, akaitia buni mdomoni akaitafuna kwa ujasiri mpaka machozi yakamtoka. Mae akampenda hapo hapo.

Tata akaitoa kamera kwenye soksi. Ndiyo, soksi ya sufu, ndiko ilikolala miaka yote. Mgeni akaipokea kwa mikono miwili. Akavuta lenzi, akazungusha, akaisikiliza ikibofya sikioni mwake, akatabasamu peke yake. Akasema kijipima mwanga kimekufa kwa sababu betri zake hazitengenezwi tena, lakini mengine yote ni mazima. Halafu akaomba aone picha zilizopigwa nayo.

Nikajua balaa limekuja. Nikaleta albamu. Mae akasimama kwenda jikoni, nikamshika gauni. "Kaa Mae, leo hakuna ndizi."

Mgeni akafunua taratibu. Akamsifu ng'ombe. Akawasifu wavuvi. Alipofika kwa Mae akafunua, akafunua tena, akarudi nyuma. Akasema, kwa heshima zote, "Mzee, kamera haina kosa. Tazama migomba ilivyotoka."

"Kama kamera haina kosa," Mae akasema, "mwenye kosa ni mimi?"

Na Mae akaendelea, hakuwa anamwangalia mtu, alikuwa anapangusa kikapu ambacho hakikuwa na vumbi. "Mimi nilishajijibu zamani. Mtu humtazama vizuri yule anayemtaka. Ng'ombe alitazamwa. Wavuvi walitazamwa. Mimi nimepikia nyumba hii maisha yangu yote na sijawahi kutazamwa hata mara moja."

Jamani. Nimezaliwa na watu wale, nimekula nao, na sikuwahi kujua kwamba jambo hilo lilikuwa limemkaa hivyo. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Tulimwita Mae wa Ukungu.

Tata alikuwa ameinamisha kichwa. Aliposema, alisema kwa Kihaya, polepole, nami nawaeleza kwa Kiswahili. "Mimi nilidhani ni mkono wangu. Nilidhani unatetemeka nikikulenga wewe. Wengine sikuwaogopa. Wewe nilikuwa nakuogopa usitoke vibaya."

"Usinidanganye mbele ya mgeni," Mae akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Mgeni akainuka haraka, akasema afadhali tupige picha kabla jua halijageuka. Akautia mkanda, akamkabidhi Tata kamera. Tukatoka kwenda nyuma ya nyumba, mahali pale pale pa picha zote, penye njia inayoingia kibanjani. Mae alikuwa amevaa kitenge chake kipya na kilemba, maana pamoja na maneno yote hayo alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Nilimwona akijitazama kwenye kioo cha gari la shemeji.

Tata akazizungusha pete za kamera kwa vidole, akihesabu mibofyo. Zamani alikuwa na lugha yake ya mwanga: jua la kuanika kahawa, namba yake hii; wingu la ziwa, namba yake hii; chini ya migomba, hii. Akasema, "Leo kuna wingu, siyo? Tunaweka ya wingu." Mgeni akanitazama. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Jua lilikuwa linawaka hadi mikeka inanukia.

"Tata," nikasema, "kuna jua."

"Kumbe," akasema. Vidole vyake vikatafuta namba ya jua, vikakosea, vikarudi. Nikageuka nikajifanya napanga kahawa kwa mguu. Mgeni ndiye aliyeokoa mambo, akamwambia, "Mzee, lakini Mama amesimama chini ya migomba, penye kivuli." Tata akafurahi, akasema basi ya migomba, na hiyo aliipata kwa mbofyo mmoja.

Halafu umbali. Akatembea mpaka kwa Mae, akamgusa bega kuhakikisha, akageuka, akarudi kwa hatua zake za ubwana shamba, ndefu, kila moja mita. Tatu. Akageuka tena, akainua kamera, akafumba jicho moja, ingawa sijui lile lingine lilikuwa linaona nini. Na akaita kama alivyokuwa akiita siku zote kabla ya kubonyeza, ili Mae atabasamu:

"Waitu!"

Hilo ni neno letu. Ni la heshima na la mapenzi pamoja, unaweza kumwitia mkeo, mumeo, mgeni, hata mchungaji. Mae akaitikia, "Waitu," na kamera ikabofya.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na nikaona. Sijui kwa nini sikuwahi kuona zamani. Labda kwa sababu watoto wote siku ya picha hukodolea macho kamera. Mae alipoitikia alipiga hatua mbele, goti likakunjika kidogo, kichwa kikainama. Hatua nzima! Halafu akasimama vizuri na kutabasamu, wakati picha imekwisha kwenda zake.

"Mae, umesogea!"

"Nani kasogea?"

"Wewe! Umetoka pale umekuja hapa!"

"Thubutu," Mae akasema. "Nimesimama kama mti."

Nikachora mstari chini kwa kijiti, mbele ya vidole vyake. Nikamwambia haya, usivuke. Tata akainua kamera. "Waitu!" Mae akaitikia, kamera ikabofya, na mguu huo, umevuka mstari, goti limekunjika. Mgeni akapiga kofi pajani. Mae akatazama chini, akauona mguu wake upande wa pili wa mstari, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Mungu wangu," akasema. "Mguu wenyewe haukuniuliza."

Nikacheka hadi nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa. Mae alilelewa Kashozi, kwao ni Wakatoliki wa zamani, na bibi aliyemlea alikuwa mkali kuliko masista wa misheni. Kwa bibi yule mtu akiitwa na anayemheshimu haitikii akiwa amesimama mbali, huo ni ujeuri. Unasogea, unapiga goti kidogo, ndipo unaitikia. Mae aliingizwa hilo mwilini kabla hajaota meno ya pili. Wavuvi wa Goziba waliambiwa simameni wakasimama. Ng'ombe hana adabu, alisimama. Mimi siku ya kipaimara nilikuwa na kiburi changu, nilisimama. Aliyeitwa na akaja ni yeye peke yake. Kila mara Tata aliweka namba pale alipokuwa, na kila mara yeye alikuwa ameshaondoka pale, anamjia.

Nikawaeleza, nikilia na kucheka. Tata akashusha kamera. Halafu akasema, "Kwa hiyo miaka yote ulikuwa unakuja."

"Si uliniita?" Mae akasema, kwa hasira kabisa. "Ukiitwa unafanyaje?"

Mgeni akatoa wazo kwamba mzee apige bila kuita. Tata akakataa. Alisema kumpiga mtu picha bila kumwita ni kama kumwibia. Tukamweka Mae kwenye kiti. Tukajaribu tu bila kupiga. Akaitwa, akainuka nusu. Mgeni akashika kiuno akacheka. Mimi nilishaanza kupandisha hasira. Jua linageuka, kivuli cha migomba kinahama, na mzee wa watu anashika kamera juu, mikono imeanza kuchoka.

"Mwanangu," Tata akasema, "niletee kamba yangu."

Nilijua ni ipi. Ilikuwa imening'inia ghalani kwenye msumari ule ule, kamba ya katani aliyokuwa akipimia nafasi za mibuni, ina mafundo. Kutoka fundo hadi fundo ni mita tatu, ndiyo nafasi ya mbuni na mbuni. Alikuwa amepandia nayo nusu ya Muleba. Nikamletea. Akaipapasa, akalipata fundo moja, akalifunga kwenye kishikizo cha shati lake, kifuani. Fundo la pili akanipa nimpelekee Mae.

"Ishike kifuani pako," akamwambia. "Ivute mpaka inyooke. Ukisogea italegea, nami nitajua. Sihitaji macho."

Mae akaishika kwa mikono miwili. Kamba ikanyooka kati yao. Tata akarudi nyuma kidogo mpaka akaisikia imekaza, akapapasa pete, akahakikisha tatu. Kuku wakapita chini ya kamba, hakuna aliyewafukuza.

"Waitu," Tata akaita. Kamba ikalegea palepale.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja," Mae akakubali. Akarudi nyuma, kamba ikakaza. Niliona vidole vya miguu yake vimeng'ang'ania udongo ndani ya kandambili. Sijawahi kumwona mama yangu akifanya kazi ngumu kama ile, na nimemwona akibeba mikungu ya ndizi mlimani. Kusimama tu mahali, mume wako anakuita, nawe usiende.

"Waitu," Tata akaita tena, taratibu zaidi.

Na Mae akajibu akiwa palepale, kwa sauti kubwa kama mtu anayeitikia kutoka kibanja cha pili, huku machozi yanamtoka, "Waitu!"

Kamera ikabofya. Tata hakupiga nyingine. Mkanda ulikuwa bado na nafasi tele, mgeni akamsihi, akasema, Mzee, hata moja ya akiba. Tata akasema imetosha, akiongeza atakuwa anabahatisha.

Bei walipatana wenyewe mimi nikiwa jikoni, na safari hii ndizi zilikuwepo kweli. Nilipotoka nikamkuta Tata anamfundisha mgeni kurudisha lenzi ndani: kwanza uvute kimkono cha kushoto, ndipo uisukume, ukilazimisha unaiua. Mgeni alikuwa analijua hilo tangu zamani, niliona. Lakini alisikiliza hadi mwisho, akaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Kwa hilo nilimheshimu. Tata akaitia kwenye soksi yake, akampa pamoja na soksi.

Picha zilichelewa. Mgeni alikuwa ameupeleka mkanda Dar kwa mtu anayeaminika kusafisha, na huko kulikuwa na foleni yake. Wakati huo huo giza la Tata lilikuwa haliko kwenye foleni. Kila nilipokwenda Izigo kitu kimoja kilikuwa kimepungua. Alianza kuijua saa kwa joto la ukuta. Akaacha kuuliza kama taa imewashwa. Nilimpigia mgeni simu mpaka nikaona haya, na mimi kuona haya si kawaida yangu.

Bahasha ikaja kwa basi. Niliichukua stendi, na nilivyo na haraka sijui ni malaika gani aliyenishika mkono nisiifungue. Nikaenda nayo Izigo imefungwa hivyo hivyo. Nikawakuta wamekaa kwenye benchi la barazani, magoti yao yanagusana, Mae anachambua maharage. Kufika hapo Tata alikuwa anaona mlango tu, kama kipande cheupe, na siku nyingine hata hicho hapana.

Nikampa Mae bahasha. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaifungua. Picha ya kwanza ukungu. Ya pili ukungu, na mstari wangu wa kijiti unaonekana chini vizuri kabisa. Mae akacheka, akamwambia Tata, "Huyu hapa yule Mae wa Ukungu."

Kisha akaitoa ya tatu, akaisogeza karibu na macho.

Tata akasubiri. Mikono yake ilikuwa magotini, inafunguka na kufumba. Akauliza, "Nimekupata?"

Mimi nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa yeye. Mikunjo ya macho yote, kovu dogo la kidevuni, chozi moja limefika nusu ya shavu, mdomo uko wazi kwa lile neno. Nyuma yake migomba nayo imetoka, lakini safari hii macho hayakwenda kwenye migomba.

"Nimekupata?" Tata akauliza tena, na sauti ilikuwa imeanza kuvunjika.

"Umenipata," Mae akasema. "Nimezeeka, waitu, hukuniambia. Lakini umenipata. Ni mimi hasa."

Tata akafunika uso kwa viganja viwili, akalia bila kujificha. Sikuwahi kumwona akilia, hata hospitali. Mae akamwacha alie. Halafu akakichukua kidole cha Tata cha mkono wa kushoto, akakiweka juu ya picha, katikati.

"Hapa ni mikono yangu," akamwambia. "Na kamba imeonekana. Nenda nayo."

Akakivuta kile kidole taratibu juu ya karatasi, kikifuata kamba, kutoka kifuani mwake kuja chini, kamba inazidi kuwa nene kadiri inavyokaribia, mpaka kidole kikafika ukingoni mwa picha kikakosa karatasi.

"Hapo imeishia," Tata akasema.

"Haijaishia. Hapo ndipo wewe ulipokuwa umesimama."

Tata akakiacha kidole pale pale ukingoni. Maharage yalikuwa yamemwagika miguuni kwetu. Baadaye akaita, si kwa sababu ya kutaka kitu, aliita tu, kwa sauti ile ya siku zote, "Waitu."

"Waitu," Mae akaitikia. Walikuwa wameketi magoti yanagusana, hapakuwa na nafasi ya kuweka hata punje ya harage kati yao, na bado nilimwona akisogea.